Siwatu wa Mafundo Sita

Nilifika nchi ya Upyani asubuhi ya Jumanne, na kabla sijapewa maji ya kunywa nilinuswa paji la uso.

Aliyeninusa alikuwa mzee nadhifu aliyevaa koti la kijani. Jina lake Bwana Mangube, na cheo chake ni Mnusaji Mkuu wa Elimu. Aliniinamia, akavuta pumzi moja ndefu karibu na nyusi zangu, kisha akarudi nyuma hatua mbili na kujiziba pua kwa leso.

"Umesomea nini, dada mgeni?"

"Uuguzi wa magonjwa ya akili. Ngazi ya stashahada."

"Ulimaliza lini?"

"Huu ni mwaka wa tatu."

"Masikini!" alisema, kwa huruma ya kweli. "Na unatembea nayo hivyo hivyo, mbele za watu?"

Nilitaka kumwambia kwamba stashahada yangu haijawahi kumnukia mtu vibaya, lakini nilikuwa ugenini. Alinifunga utepe wa kijivu mkononi ili wenyeji wasije wakaniuliza jambo lolote linalohitaji akili. Niliuvaa utepe huo siku arobaini. Haya ninayoyaandika niliyaona nikiwa nimeuvaa.

Upyani kila mtu anajua kwamba elimu huchacha. Wanalijua hilo kama sisi tunavyojua kuhusu maziwa, wala hawaoni haja ya kulibishania. Somo alilolipata mtabibu hukaa siku saba. Siku ya nane limeganda. Siku ya tisa linanuka, na mtabibu anayemgusa mgonjwa kwa somo la siku ya tisa hushtakiwa sawa na aliyeuza nyama iliyooza.

Nisiwaonee. Sheria hii ilizaliwa na msiba. Zamani kulikuwa na mtabibu aliyefundishwa ujanani kwamba mgonjwa wa akili hufungwa mnyororo. Wenzake walipoacha mtindo huo, yeye aliendelea miaka thelathini, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa, na usiku mmoja wa mafuriko mgonjwa wake alikufa maji akiwa bado amefungwa mguu. Watu walikizika cheti cha yule mtabibu pamoja na maiti, wakaapa kwamba hakuna tena atakayewatibu kwa alichojifunza akiwa kijana. Ningekuwepo siku ile ningenyoosha mikono yote miwili. Lakini kiapo kikikabidhiwa makarani, makarani hukilea wapendavyo wao.

Makarani wa Upyani waliamua kwamba wagonjwa wa akili wapimwe kwa mafundo. Mwenye huzuni ana fundo moja. Mwenye huzuni na hofu ana mawili. Anayesikia sauti, halali, anakataa chakula na anamshuku hata anayemletea maji, huyo mafundo yake yanaongezeka kila anapopimwa. Kila fundo lina mafunzo yake, na kila mafunzo ni siku saba kamili, pamoja na chai ya saa nne.

Nilipoelezwa hayo nilianza kuhesabu kwa vidole.

"Bwana Mangube," nilisema, "mtabibu akimaliza mafunzo ya fundo la pili, lile la kwanza si litakuwa limeshachacha?"

"Limechacha, ndiyo."

"Basi itabidi arudi kulisoma la kwanza."

"Anarudi. Watabibu wetu wana moyo sana."

"Na akiwa huko, la pili..."

"Linachacha. Unaelewa haraka, dada, kwa mtu mwenye hali yako."

"Sasa mgonjwa wa mafundo mawili anatibiwa na nani?"

"Anaandaliwa," alijibu Bwana Mangube. Kisha akajinyoosha koti na kuongeza kwa fahari: "Na ujue kwamba katika nchi hii, hajawahi kutokea mgonjwa wa mafundo mawili aliyetibiwa kimakosa. Hata mmoja."

Hospitali yao kuu ina wodi kumi na mbili na ukumbi mmoja. Wodi zina mabati yanayovuja, ukumbi una sakafu ya marumaru. Siku niliyotembezwa, watabibu themanini na wanne walikuwa ukumbini na mmoja alikuwa wodini. Huyo wa wodini alikuwa mwanamke wa rika langu aitwaye Kidawa, na mkononi mwake kulikuwa na utepe wa kijivu kama wangu, ila wake ulikuwa umechakaa.

"Karibu, mchachu mwenzangu," aliniambia. "Wako wa lini?"

"Siku tatu. Wako je?"

"Miaka mitatu." Alikuwa akimnywesha uji mzee mmoja, kijiko kwa kijiko. "Siku ile nilipotakiwa kwenda mafunzoni, huyu alikuwa hajala. Nikasema nitakwenda kesho. Kesho yake naye akawa na njaa tena."

Mwenye utepe wa kijivu anaruhusiwa kufagia na kulisha tu. Lakini funguo za kabati la dawa lazima ziwe na mtu, na wenye ruhusa ya kuzishika wote walikuwa ukumbini, kwa hiyo zilikuwa kiunoni mwa Kidawa.

Kwenye kitanda cha mwisho, dirishani, alikaa mama wa makamo akipiga pindo la shuka kwa sindano ya mkono, mishono midogo iliyonyooka kama mstari wa daftari. Huyo ndiye Siwatu. Nilishamsikia kabla sijamwona, kwa kuwa Upyani yote inamjua: Siwatu wa mafundo sita, fundi cherehani aliyeletwa miaka kumi na moja iliyopita akibishana na watu wasioonekana. Ndiye mgonjwa mwenye mafundo mengi kuliko wote nchini. Kwa sababu hiyo alikuwa hajawahi kutibiwa na alikuwa amesomwa sana. Kila mafunzo yalipofikia siku ya saba alipelekwa ukumbini, akakalishwa kwenye kiti kirefu, na washiriki wakaonyeshwa mafundo yake moja moja kwa fimbo.

"Hujambo, mwanangu," aliniambia Siwatu. "Utepe wako umefungwa vibaya. Lete mkono."

Nilimtazama Kidawa. Huyu alikuwa mgonjwa wa mafundo sita?

Kidawa alinivuta pembeni. Miezi minane alikuwa amempa Siwatu vidonge, vile vya zamani vilivyoandikwa katika kitabu cha mwaka wa kwanza ambacho siku hizi hutumika kuzuia mlango usijifunge. Sauti zilikuwa zimenyamaza tangu mwezi wa nne. Kabla ya hapo, zilipokuwa ndiyo kwanza zimeanza kupungua, kitasa cha kabati kiliharibika, vidonge vikakosekana wiki mbili, na sauti zikarudi kwa nguvu. Kidawa alimkuta nyuma ya jiko akila udongo kwa kuwa sauti zilimwambia uji una sumu.

"Ukumbini huwa wanamwonyesha kwa fimbo tu, hawamuulizi neno. Jumatatu mafunzo ni ya kumsikiliza, watamuuliza," alisema Kidawa. "Wakijua, watanikatazia vidonge."

"Basi mwambie aseme sauti bado zipo," nilishauri.

Siwatu alikuwa ametusikia. "Sauti zimenidanganya miaka kumi na moja," alisema bila kuinua macho kwenye pindo lake. "Zimenyamaza, sasa ndiyo nianze kudanganya mimi?"

Jumatatu niliketi safu ya nyuma ya ukumbi. Mafunzo ya wiki hiyo yaliitwa Kumsikiliza Mgonjwa, na nilikuwa nimeyahudhuria tangu siku ya kwanza. Siku ya kwanza kila mtu alijitambulisha kwa jina, wodi yake, na tunda analofanana nalo. ("Naitwa Fumu, natoka wodi ya saba, na mimi ni stafeli." Makofi.) Siku ya pili walichagua mwenyekiti, katibu, mtunza muda na mchangamshaji. Siku ya tatu waliandika matarajio yao kwenye karatasi kubwa na kuzibandika ukutani. Siku ya nne waligawanywa katika makundi wajadili maana ya kusikiliza, na makundi yote manne yakaieleza kwa wakati mmoja mpaka mtunza muda alipogonga glasi. Siku ya tano na ya sita yalijadiliwa yale ambayo mtunza muda aliyakatiza.

Mkufunzi alikuwa Profesa Mbwarali, mrefu, mwenye mvi na sauti ya upole. Sheria ya Upyani inasema elimu haichachi maadamu inafundishwa, kwa hiyo Profesa, ambaye hufundisha mwaka mzima mafundo yote sita, ndiye mtu pekee nchini ambaye kichwa chake ni kibichi kabisa. Bwana Mangube humnusa kila asubuhi kwa starehe tu.

Siwatu alikalishwa kwenye kiti kirefu. Profesa aliinua fimbo.

"Fundo la kwanza, sauti. Mgonjwa atuambie leo zinasemaje."

"Leo hazijasema," alijibu Siwatu.

"Jana, basi."

"Jana pia. Tangu mwezi wa nne. Na mimi naomba kuuliza, cherehani yangu iliwekwa wapi? Ilikuwa ya miguu, nyeusi, mkanda wake mpya. Nataka kwenda nayo nyumbani."

Fimbo ya Profesa ilibaki hewani. Washiriki walitazamana. Mtu mmoja alianza kupiga makofi, akaona yuko peke yake, akajikuna kiganja. Katika safu iliyokuwa mbele yangu Fumu alikuwa akiandika upesi, nami nilichungulia daftari lake. Aliandika: *Fundo la saba? Anajiona mzima.*

Bwana Mangube hakukawia kumpata mwenye funguo.

Baraza la Upya lilikaa Alhamisi. Nimekaa katika vikao vingi vya watu wazima maishani mwangu na sijaona kilichokuwa na adabu kuliko hicho. Hakuna aliyemtukana Kidawa. Mwenyekiti alimuuliza tu alimponyaje mgonjwa.

"Nilimpa vidonge kila asubuhi. Alipotetemeka mikono nikapunguza. Halafu nikakaa naye."

"Ulipokaa naye ulifanya nini?"

"Nilikaa."

Karani alipekua fomu yake juu na chini akitafuta pa kuliandika hilo, hakupaona.

"Mimi kupona kwenyewe sikukatai," alisema mjumbe mwenye miwani. "Nakataa kulikotoka. Tukiruhusu watu wapone kwa elimu iliyochacha, kesho nani atakuja ukumbini?"

"Lakini amepona," alisema mjumbe mmoja kijana, kwa sauti ya chini.

"Nikuulize, ndugu mjumbe. Mtu akivushwa mto na mtumbwi usio na leseni, amevuka?"

Swali hilo liliwashika hadi saa nane. Wengine walisema amevuka kwa mwili. Wengine walitaka kwanza ijulikane upana wa mto. Mwishowe walipiga kura na kukubaliana kwamba mtu huyo amefika ng'ambo lakini hajavuka, na njia ya haki ni kumrudisha alikotoka ili avushwe upya, kihalali. Kidawa akaondolewa wodini. Vidonge vya Siwatu vikaamriwa visimame kuanzia Jumamosi saa sita mchana, isipokuwa kama kabla ya saa hiyo atatokea mtabibu mwenye mafundo yote sita yasiyochacha, amwone mgonjwa mwenyewe na kutia saini.

Aliyekuwa na sifa hizo ni mmoja tu, na ofisi yake ilikuwa ghorofa ya juu ya ukumbi.

Ijumaa mimi na Kidawa tulimkuta Profesa Mbwarali amezungukwa na Siwatu. Kuta zote nne zilijaa michoro yake: usingizi wa Siwatu kwa mistari, hofu ya Siwatu kwa duara, Siwatu kwa mwaka, kwa robo mwaka, kwa wiki.

"Najua kilichowaleta," alisema. "Mtamtafuta mwingine."

"Hakuna mwingine, Profesa," alisema Kidawa. "Usipokuja, wiki mbili zijazo atakuwa anakula udongo."

"Mimi namjua Siwatu kuliko anavyojijua. Niulize lolote."

"Anapenda chai ya namna gani?"

Profesa aligeuka kuutazama ukuta wa kushoto, halafu wa kulia. "Hilo halimo," alisema.

"Ya tangawizi, bila sukari. Twende, Profesa. Ni kumuuliza maneno mawili na kusaini."

Mzee hakuinuka. Aliizungusha fimbo yake mapajani, mara moja, mara mbili.

"Sijaingia wodini miaka kumi na tisa," alisema. "Kuna mgonjwa mmoja alinifia. Nilimpa dawa niliyoiamini, akanifia. Nikasema, ngoja nikasome kwanza." Alielekeza kidevu ukutani. "Bado nasoma. Hizi picha haziwezi kunifia."

Nilikuwa nimejiandalia hotuba kali tangu Alhamisi, yenye mafumbo matatu na methali moja ya kumkata maini. Nilijikuta sina pa kuianzia. Kidawa alivuta kiti akaketi mbele ya Profesa, na nikaelewa kwamba hivi ndivyo alivyokuwa akifanya wodini. Tulikaa hivyo muda mrefu. Chini yetu watu walikuwa wakipigiana makofi ya mvua, yale yanayoanza kwa kidole kimoja na kuishia na viganja vyote.

Kesho yake, Jumamosi saa tano na dakika tano, Profesa Mbwarali alisimama mlangoni mwa wodi akiwa ameshika fomu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sinia la vikombe vilivyojaa.

"Pita ukae, Profesa," alisema Siwatu. "Miaka yote hii mimi nimekaa, wewe umesimama. Leo pumzika."

Profesa aliketi kwenye ukingo wa kitanda cha jirani. "Bi Siwatu," alisema, akakohoa. "Umelala?"

"Nimelala."

Alingoja apewe zaidi. Hakupewa, kwa kuwa jibu lilikuwa limekwisha.

"Vidonge vinakusumbua?"

"Mdomo unakauka."

Profesa alimgeukia Kidawa, ambaye kwa amri ya Baraza alikuwa amesimama nje ya dirisha. "Maji," Kidawa alinong'ona.

"Kunywa maji," alisema Profesa, kwa uso wa mtu aliyeyavumbua.

"Haya. Na wewe mbona mkono unatetemeka? Unakunywa dawa gani?"

"Sinywi dawa, Bi Siwatu. Naogopa."

"Ahaa," alisema Siwatu. "Hilo nalijua. Hupungua." Akamshikia fomu isiteleze, na Profesa akatia saini sita, moja kwa kila fundo. Ilikuwa imebaki robo saa.

Baraza lilifurahi mno. Lilimtunuku Profesa Mbwarali nishani kwa kumponya mgonjwa wa mafundo sita kwa dakika arobaini, rekodi ambayo haijawahi kufikiwa. Siwatu aliruhusiwa kwenda nyumbani, mtaa wa nyuma ya soko, na cherehani yake ikapatikana stoo ya ukumbi, ilikokuwa ikitumika kuwekea birika la chai. Vidonge angevipata kila mwezi kwa saini ya Profesa, baada ya kumwona ana kwa ana. Kisha Baraza likatangaza mafunzo mapya ya siku saba, Fundo la Saba: Kupona, mkufunzi ni Profesa huyo huyo, na wodi zote zikafungwa ili pasiwe na wa kuyakosa.

Kidawa aliambiwa kwamba akifaulu mafunzo hayo atarudishwa kazini. Nilikaa naye safu ya mwisho. Siku ya saba ulikuja mtihani, na swali la nne lilikuwa hili: *Mgonjwa wa mafundo sita aliponywa na nini?* Majibu ya kuchagua yalikuwa manne: Mkabala wa Mbwarali, Mkabala wa Mbwarali uliopanuliwa, yote mawili, hakuna jibu sahihi. Kidawa aliyakata yote manne kwa mstari mmoja akaandika pembeni kwa mkono wake: *Vidonge, muda, na mtu wa kukaa naye.* Alifeli kwa swali moja.

Jumamosi yangu ya mwisho Upyani ilikuwa ndiyo siku ya saini ya mwezi wa pili. Nilikwenda kumuaga Siwatu na nikamkuta Profesa Mbwarali amesimama nje ya mlango wake, hajabisha. Nilidhani ndiyo kwanza amefika. Muuza ndizi wa jirani aliniambia mzee yule yupo pale tangu saa mbili.

Baadaye Kidawa alitokea mwisho wa mtaa, akitembea upesi, leso ya kichwa imelegea. Profesa alimsogelea haraka. Wakaingia pamoja, nami nyuma yao. Siwatu alikuwa na mteja. Aliwaambia wangoje, wakangoja, mtu mwenye nishani na mtu mwenye utepe wa kijivu, kwenye benchi moja. Zamu yao ilipofika Profesa aliuliza maswali matatu, na lile la tatu hakumtazama Kidawa kabla ya kuliuliza. Siwatu alijibu, akanywa maji, akamshika Profesa bega.

"Koti hili alikushonea nani? Huyo mtu alikuwa na haraka."

Profesa alicheka, na sauti ya kicheko chake ilimshtua mwenyewe. Alisaini. Mlangoni alivaa kofia yake, akamwambia Kidawa bila kumtazama:

"Na mwezi ujao pia, uje."

"Nimefeli, Profesa."

"Najua. Mimi ndiye niliyekusahihisha," alisema. "Usichelewe kama leo."